Jarida letu la barua pepe linafunguliwa lakini hakuna anayejibu. Tuhamie programu ya kulipia?

Swali: Tuko watu watatu, tunatengeneza na kukarabati samani za mbao. Tuna orodha ya anwani 1,400 za barua pepe. Nyingine ni za wateja, nyingine tulizitoa kwenye risiti za zamani, nyingine tulizikusanya kwenye maonyesho ya biashara. Kila mwezi tunawatumia wote jarida kwa programu ya bure, na anwani tunayotumia ni ya Gmail. Programu inaonyesha kwamba asilimia 52 wanalifungua, lakini mwezi uliopita alijibu mtu mmoja tu, na wateja wawili wa siku nyingi wameniambia hawajaliona tangu mwaka jana. Sasa kuna muuzaji anatushawishi tuhamie programu ya kulipia yenye akili mnemba. Ndiyo dawa?

Jibu: Ndugu yangu, usilipe kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama palepale: kwenye anwani ya Gmail na kwenye risiti za zamani. Shida zenu nyingi zimekaa hapo, na programu mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, itazipokea kama zilivyo.

Jarida likitoka kwenu linapaswa kutambuliwa mara mbili. Kwanza na mashine inayopokea barua, ambayo inataka kujua kama kweli limetoka kwa anayedai kulituma. Kisha na mtu, ambaye anataka kukumbuka ninyi ni nani na kwa nini mnamwandikia. Kwa maelezo uliyonipa, jarida lenu linakwama pote pawili.

Nianze na mashine. Barua pepe ilijengwa na watu waliofahamiana. Kanuni za kuisafirisha, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, kompyuta zilizounganishwa zikiwa bado chache, na hazikumdai mtumaji athibitishe jina lake. Ni kama bahasha: nyuma yake unaweza kuandika jina la yeyote, na tarishi hatakuuliza. Matapeli waliuona mwanya huo mapema, na kampuni zinazopokea barua zimetumia miaka mingi kuuziba.

Leo kuna kinga tatu, na majina yake utayakuta kila mahali. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, yaani lile jina linalokuja baada ya alama ya @. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua. Mpokeaji anailinganisha na ufunguo uliouweka hadharani, na hapo anajua kama barua imebadilishwa njiani. DMARC inaziunganisha hizo mbili. Inadai kwamba kikoa anachokiona msomaji kwenye jina la mtumaji kilingane na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM, na inamweleza mpokeaji la kufanya visipolingana: aiache barua ipite, aitupe kwenye barua taka, au aikatae kabisa.

Sasa tazama barua yenu. Jina la mtumaji linasema imetoka Gmail, lakini seva iliyoituma ni ya programu ya majarida. Gmail haijaiidhinisha seva hiyo, wala wewe huna uwezo wa kuiidhinisha, kwa sababu kikoa hicho si chako. Kwa mashine inayopokea, hiyo inafanana kabisa na barua ya tapeli anayejifanya wewe. Yahoo walianza kuagiza barua za namna hiyo zikataliwe tangu Aprili 2014, na majarida mengi ya watu wema yalipotea kwa siku moja. Google nao, kwenye masharti waliyoanza kuyatumia Februari 2024, wanaonya waziwazi dhidi ya kutumia anwani ya Gmail kama jina la mtumaji kutoka kwenye mfumo mwingine. Baadhi ya programu za majarida zinakwepa tatizo kwa kubadilisha anwani yako kimyakimya na kuweka kikoa chao wenyewe. Barua inafika, lakini mteja anaona anwani ndefu asiyoijua. Kwa hiyo wateja wako wawili huenda hawakuwa wazembe hata kidogo.

Dawa ni kikoa chenu wenyewe. Kama mna tovuti, tayari mnacho. Tengeneza anwani ya kawaida juu yake, inayopokea barua na kusomwa na mtu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu mnayotumia sasa, tafuta sehemu ya kuthibitisha kikoa, nayo itakupa rekodi kadhaa za kunakili na kubandika kwenye rekodi za DNS, yaani daftari la hadharani la maelezo ya kikoa, pale mlipokinunua. Ni kazi ya nusu saa, ingawa mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Hapa watu wengi huharibu kwa jambo moja: kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Nimeona biashara iliyoweka mbili, moja ya barua za ofisini na nyingine ya jarida, kwa sababu kila mfumo uliwapa ya kwake. Zikiwa mbili, zote zinakuwa batili. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Rekodi ya DMARC mtaiandika wenyewe, na ya kuanzia ni fupi: v=DMARC1; p=none; halafu anwani ya kupokelea ripoti. Hiyo p=none maana yake mnatazama tu, hamzuii kitu. Msiharakie kuibana. Pengine ankara zenu zinatoka kwenye programu nyingine, na fomu ya tovuti inatuma barua kwa njia yake. Mkibana kabla ya kuziidhinisha, mtazizuia barua zenu wenyewe. Mkimaliza, jitumie jarida kwenye akaunti ya Gmail, fungua barua kwenye kompyuta, bofya nukta tatu zilizo pembeni yake na uchague kuona barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja panatakiwa pawe na neno PASS. Usitume jarida lingine mpaka uzione zote tatu.

Masharti ya mwaka 2024 yanawabana zaidi wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail, na ninyi hamjafika huko. Lakini sehemu yake moja inamgusa kila mtu: malalamiko. Google wanataka idadi ya watu wanaobofya kitufe cha kuripoti barua taka ibaki chini ya asilimia 0.3, na wanashauri isifike hata asilimia 0.1. Piga hesabu na orodha yako. Wote 1,400 wangekuwa Gmail, watu watano tu wakikasirika siku moja mmeshavuka mstari. Watano! Ndiyo maana sasa lazima tuzungumzie zile risiti.

Mtu aliyekuachia anwani ili umtumie risiti alikupa ruhusa ya kutuma risiti. Hakuomba jarida. Mtu aliyetumbukiza kadi yake kwenye boksi la maonyesho huenda alitaka kushinda zawadi tu. Najua inauma kusikia, maana mmekusanya majina hayo kwa jasho, na muuzaji atakwambia orodha kubwa ni mali. Lakini miaka mitatu baadaye mtu huyo hakukumbuki. Anaona barua kutoka kwa mgeni, na anabofya kitufe kilicho karibu zaidi. Mara nyingi kitufe hicho ni cha kuripoti.

Anwani za zamani zina hatari nyingine ambayo haionekani. Zilizoachwa na wenyewe hugeuzwa mitego: mwenye mfumo anaifunga kwa muda, inarudisha kila barua, kisha anaifungua tena kimya ili aone ni nani bado anaiandikia. Mtu halisi hayupo pale, kwa hiyo anayetuma anajulikana kuwa haisafishi orodha yake. Ukinaswa, jina la kikoa chako linaweza kuingia kwenye orodha nyeusi zinazotumiwa na seva nyingi, kama zile za Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma barua taka, na hapo hata ankara zako hazitafika.

Sheria nazo zipo. Kama una wasomaji Umoja wa Ulaya, kanuni za GDPR, za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 2018 zinadai uwe na msingi halali wa kutunza na kutumia anwani ya mtu, na kwa majarida ya matangazo msingi huo kwa kawaida ni ridhaa anayoweza kuiondoa wakati wowote. Kanada wanadai ridhaa tangu Julai 2014. Marekani, chini ya sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003, unaweza kuandika bila ridhaa ya awali, lakini lazima uweke anwani ya posta ya biashara, na anayeomba kuondoka umwondoe ndani ya siku 10 za kazi. Inayokuhusu ni ya mahali wasomaji wako walipo pamoja na ya kwenu, kwa hiyo iulizie. Binafsi nashika ile kali zaidi popote nilipo, maana ndiyo inayomheshimu msomaji.

Fanya hivi. Gawa orodha mara mbili. Upande mmoja weka walionunua, waliouliza bei au waliokujibu katika mwaka mmoja na nusu uliopita, pamoja na waliojiandikisha wenyewe. Hao ndio jarida lenu kuanzia sasa. Na kwa kuwa kikoa kitakuwa kigeni machoni pa mashine, usiwatumie wote siku moja. Anza na wachache wanaokufahamu zaidi, wiki inayofuata ongeza, hadi wote waingie. Upande wa pili weka waliobaki. Wale ambao barua zao zimekuwa zikirudi, futa. Wengine waandikie barua moja ya kuomba ruhusa, kwa mafungu madogo, na iwe ya kibinadamu. Kwa mfano:

"Miaka michache iliyopita ulituachia anwani yako, pengine ulipoleta kiti au ulipotutembelea kwenye maonyesho. Tunatengeneza samani za mbao, na mara moja kwa mwezi tunaandika jambo moja kuhusu kuzitunza. Ukipenda kuendelea kupata, bofya hapa. Usipobofya, hatutakuandikia tena."

Na kweli msiwaandikie tena. Wengi hawatabofya. Ukibaki na watu 400, hao 400 wana thamani kuliko 1,400 wa mwanzo, kwa sababu barua yako itaanza kufika kwa wanaoitaka, na mifumo ya barua huangalia wapokeaji wanavyoitendea.

Wapya nao wathibitishe: akijaza fomu, apokee barua yenye kiungo cha kukubali kabla hajaingia kwenye orodha. Utapoteza wachache wanaosahau kubofya. Utaepuka anwani zilizoandikwa kimakosa na roboti zinazojaza fomu za watu.

Kiungo cha kujiondoa kiweke waziwazi, hata juu ya barua ukipenda, na kifanye kazi kwa mbofyo mmoja bila kumwuliza mtu nenosiri wala sababu. Wenye biashara ndogo hukificha kwa hofu ya kupoteza watu. Asiyekiona kiungo hicho ataripoti barua taka, na ripoti inakuumiza wewe na wote waliobaki. Hapa kuna mtego wa kiufundi nisiotaka ukupite: Gmail hukata barua inapozidi takriban kilobaiti 102 za msimbo, na sehemu ya chini, ambamo kiungo cha kujiondoa kwa kawaida hukaa, inafichwa nyuma ya maneno ya kuonyesha barua yote. Mapambo mengi ya violezo vya bure ndiyo hujaza uzito huo.

Tuje kwenye asilimia 52, ambayo nadhani imekudanganya. Programu hujua barua imefunguliwa kwa kuficha ndani yake kipicha cha nukta moja kisichoonekana. Kikipakuliwa kutoka seva yao, wanahesabu. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe, kwa siri, hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Kila anayetumia kinga hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa amefungua. Upande wa pili, anayesoma akiwa amezuia picha hahesabiwi kabisa. Mibofyo nayo haina usafi mkamilifu, maana baadhi ya mifumo ya ulinzi ya maofisini hubofya kila kiungo kukikagua. Kwa hiyo namba hiyo usiitumie kujipongeza wala kuamua nani afutwe. Hesabu vitu ambavyo mashine haiwezi kuvighushi: majibu mliyopata, oda, simu, na watu wanaposema "niliona kwenye barua yenu". Kila mteja anayeingia mwulize alisikia wapi, na mwandike kwenye daftari. Mko watatu, na kazi hiyo mnaiweza kuliko kampuni kubwa.

Na kama ni majibu unayotaka, mpe mtu kitu cha kujibu. Sijaliona jarida lenu, lakini nayafahamu ya aina yake: nembo kubwa juu, picha sita za bidhaa, salamu za msimu, na kichwa kinachosema "Toleo la 14". Halina swali wala habari, na limetoka kwenye anwani inayosema usijibu. Hebu fikiria wateja wenu. Mtu hanunui meza kila mwezi. Akinunua leo, huenda akarudi baada ya miaka minne. Jarida lenu haliwezi kumwuzia meza mara 48 katikati ya hapo. Linachoweza ni kumsaidia na meza aliyonayo, ili kiti cha jirani yake kikivunjika mguu akumbuke ninyi.

Na mna mambo ya kusema! Droo inayokwama wakati wa unyevu inakwama kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuvimba. Kusugua nta ya mshumaa kwenye reli zake mara nyingi kunatosha. Hiyo ni barua nzima. Kichwa chake: "Droo ikikwama, usiivute kwa nguvu". Aya nne, picha moja, na mwishoni: "Kama una samani inayokusumbua, jibu barua hii utuambie." Mwezi unaofuata, alama nyeupe iliyoachwa na kikombe cha moto. Unaofuata, kiti mlichokirekebisha na namna mlivyogundua kilipovunjikia. Andika kama unavyomweleza mteja akiwa amesimama mbele yako karakana, weka jina la mtu pamoja na la biashara kwenye jina la mtumaji, na jambo liwe moja kwa barua.

Maneno yawe maneno, yasiwe yamechorwa ndani ya picha moja kubwa. Picha ikizuiwa, msomaji anabaki na boksi tupu, na asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, hapati chochote.

Kuhusu siku na saa nzuri ya kutuma, chagua moja mnayoiweza na msiibadilishe kila mara. Sina zaidi ya hapo.

Barua za kujituma zenyewe ndizo pekee ambazo ningekushauri uzijenge mapema, na mbili zinatosha. Ya kwanza inamfikia mtu dakika anayothibitisha kujiandikisha: mnasema ninyi ni nani, mtaandika mara ngapi, na mnampa ushauri wenu mmoja bora palepale. Ya pili inakwenda miezi kadhaa baada ya kuchukua samani yake, ikimwuliza inaendeleaje na kumkumbusha kuipaka mafuta au nta kama aina yake inahitaji. Barua hiyo ya pili haiuzi kitu, na ndiyo ningeitegemea zaidi kuleta kazi.

Akili mnemba inaweza kukusaidia kurekebisha tahajia au kupendekeza vichwa. Haikuwepo karakana mlipofungua kile kiti.

Baada ya miezi mitatu ya haya, kama programu ya bure inawabana, hameni kwa amani. Muulize muuzaji maswali haya kabla ya kutia saini: je, bei inahesabu pia waliojiondoa? Naweza kutoa orodha yangu yote, pamoja na tarehe kila mtu alipojiandikisha, siku nikitaka kuondoka? Kikoa changu kitathibitishwa kwa DKIM yangu au ya kwenu? Akijikanyaga kwenye la pili, ondoka. Siku mkihama, kuweni waangalifu sana na jambo hili: bebeni pia orodha ya waliojiondoa na mwiingize kama waliozuiwa. Watu wengi huhamisha faili moja lenye kila mtu, na wiki hiyohiyo mteja aliyeomba kuachwa miaka miwili iliyopita anaanza kuandikiwa upya. Na tafadhali, katikati ya kuhama msijaribu kutuma kwa Gmail ya kawaida mkiwaweka wote kwenye Bcc, sehemu ya nakala inayoficha anwani za wapokeaji. Akaunti ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, ukikivuka unafungiwa kutuma kwa muda, na kosa dogo la kuwaweka kwenye Cc, nakala ya wazi, litamwonyesha kila mteja anwani za wenzake wote.

Wale wateja wawili wasioliona jarida wapigie simu wiki hii, usisubiri kikoa. Waombe watafute jina lenu kwenye barua taka na kwenye kichupo cha matangazo, na wakikuta barua waifungue wakusomee anwani ya mtumaji kama inavyoonekana kwao, herufi kwa herufi. Iandike. Ikiwa ni tofauti na mnayoijua ninyi, utakuwa umepata ushahidi wa kwanza kabla ya kugusa rekodi yoyote. Halafu waombe waiondoe kwenye barua taka na wakujibu, hata kwa neno moja.